Maji ya Jumapili

9 Septemba

Daktari wa Kitshanga ameniambia niache chakula kigumu, kisha akaniangalia kama nilivyokuwa nikiwaangalia wazazi ambao mtoto wao ameshindwa mtihani wa serikali. Nimeelewa. Uvimbe wa tumboni hauna dawa hapa, na Goma watanichosha kwa safari bure. Nimerudi Burungu. Nimekuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari karibu maisha yangu yote ya kazi, na muda wote huo niliandika juu ya makosa ya watu wengine. Acha sasa niandike juu yangu mwenyewe, siku nitakazoweza.

Mvua haijaanza.

12 Septemba

Céline amekuja kwa pikipiki. Nilimfundisha hesabu alipokuwa msichana mwenye magoti machafu. Sasa anafundisha informatiki katika shule ileile. Ameleta mashine yake yenye nguvu na kuiweka katika chumba kilicho nyuma ya nyumba ya kutengenezea jibini, chini kidogo ya nyumba yangu, kwa sababu hapo ndipo ulipo umeme wa turbini inayozungushwa na maji.

Shule ina kompyuta kuukuu zilizotolewa kama msaada. Zinajikokota, na maneno yote yaliyomo ni Kifaransa ambacho watoto wanakikariri tu. Céline anataka kuzijengea upya ile sura yote unayoiona ukiwasha mashine: madirisha, menyu, vitufe, saa ya pembeni. Hataki kuchukua iliyo tayari. Anataka kuijenga kutoka kwenye msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya watu walioitunga programu, ili tutoe mizigo tusiyoihitaji na tuingize Kiswahili cha watoto wetu tangu chini kabisa. Kwa Kifaransa sura hiyo inaitwa bureau, nasi tunasema biro, neno lilelile tunaloitia ofisi.

Kazi yangu ni maneno. Nimekubali hata kabla hajamaliza kuniomba.

15 Septemba

Kanyamibwa, mfugaji wa kilima cha juu, amepita na maziwa yake ya asubuhi. Hunimwagia yangu kwanza, ndipo apeleke mengine kwenye jibini. Maziwa ndicho chakula changu sasa.

"Papa Prefe, banasema munajenga biro. Matofali iko wapi?"

"Yote imo ndani ya diski moja, inakuya kutoka Goma."

"Eh! Diski moja inabeba biro muzima, na miye punda yangu inashindwa na bidoni mbili ya maziwa!"

Amecheka mpaka akaketi. Binti yangu Verdiane, anayeniuguza, amemfukuza kwa ufagio.

22 Septemba

Jumapili. Niueleze mfereji, maana bila huo hakuna umeme.

Unachota maji ya kijito huko juu, unapita kando ya nyumba yangu na kushuka kwenye turbini. Chini ya ukingo wake kuna shamba la maharage la Hakorimana. Familia yake ni wakulima na ya Kanyamibwa ni wafugaji, na kulikuwa na miaka ambayo ng'ombe mmoja akiingia shambani, watu wenye bunduki walishuka kutoka mlimani kuja kulipiza. Mfereji ndio uliowapatanisha. Waliuchimba pamoja: wafugaji wapate umeme wa kupoza maziwa, wakulima wapate taa na mashine ya kusaga. Kila juma familia moja hushika zamu ya kuulinda.

Jumamosi jioni mwenye zamu hushusha ubao mlangoni mwa mfereji, na maji hurudi kijitoni mpaka Jumatatu. Kingo ni za udongo mtupu. Lazima zikauke kidogo, la sivyo zitalegea. Jambo hilo halikuandikwa popote. Mtoto wa hapa hulijua kabla hajajua Baba Yetu. Jumapili maji hayaguswi.

28 Septemba

Muhire, mwenye pikipiki, ameleta diski. Aliivaa chini ya shati kifuani ili wenye bunduki wa kwenye vizuizi vya barabarani wasiione.

4 Oktoba

Nilidhani kujenga kunaanza kwa kujenga. Kumbe tunatayarisha tu, siku baada ya siku. Tumetenga sehemu ya peke yake ndani ya mashine, ili tukiharibu, ile sura ya zamani ibaki salama. Halafu Céline anaiamuru mashine ikague kama kila kinachohitajika kipo. Inakwenda kidogo, inasimama, inataja kitu kinachokosekana. Tunakitafuta kwenye diski. Hicho nacho kinadai kingine kilichokitangulia, na hicho kingine.

"Iko kama kwenda kuposa," Céline amesema. "Unafika kwa baba, anakutuma kwa shangazi. Unafika kwa shangazi, anauliza kama umeonana na babu."

"Na babu alishakufaka."

"Njo pale Muhire anarudi Goma!"

9 Oktoba

Mvua. Kwa 'corbeille', pale panapotupwa vilivyofutwa, nimeweka 'kapu'. Verdiane anasema 'pubele', kama kila mtu. Nimebishana naye nusu ya siku. Ameshinda.

17 Oktoba

Mvua kila alasiri, ikitokea upande wa Walikale. Turbini inaimba vizuri, lakini umeme ni wa maziwa kwanza. Tunachobakiziwa ni saa chache zilizokatikakatika, na kujenga kunataka umeme usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Céline ameomba kamati ya mfereji, nayo imekubali: likizo ya Krismasi, maziwa yakiwa yamepungua, turbini itakuwa yetu mchana kutwa.

Ameshangilia. Mimi nimehesabu kwa namna yangu. Mkanda wa suruali yangu hauna tena tundu la kufungia.

25 Oktoba

Kila kitu kiko tayari. Mashine imekagua kuanzia mwanzo hadi mwisho na haikudai chochote. Céline amenionyesha amri moja fupi.

"Ukiandika hii na kufinya, inaanza kujenga. Lakini usifinye, Papa. Tungoje Noeli."

"Nitangoja."

Ameniachia ufunguo wa chumba, ili niendelee kusahihisha maneno.

29 Oktoba

Nimetapika damu. Sikumwambia Verdiane.

3 Novemba

Jumapili. Bado mapema jioni. Naandika yote.

Asubuhi Verdiane alininywesha maziwa, akaenda misa. Kila mtu alienda misa. Mimi padri huniletea komunyo nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyetarajia kuniona popote. Kilima kilikuwa kimya. Niliamka nikiwa na nguvu, siku ya namna ile ambayo sasa huja mara moja moja, nikatoka na fimbo yangu mpaka kwenye mfereji. Mfereji ulikuwa mtupu. Kanyamibwa, mwenye zamu, alikuwa ameshusha ubao jana yake kama inavyotakiwa. Niliuona kwa macho yangu. Ulikuwa chini, umekaa sawasawa.

Nilisimama pale nikiyatazama maji yakienda zake kijitoni bila kazi. Nikawaza: mashine iko tayari, jibini haipokei maziwa leo, umeme wote ungekuwa wangu mpaka watu warudi. Nikawaza: Noeli sitakuwepo. Nilitaka kuyaona maneno yangu kwenye kioo, hata dirisha moja tu. Mtu mzima, mwenye shahada, niliyewafukuza shule vijana kwa kosa la kutokungoja.

Ubao ni mzito, sina mikono ya kuuinua. Lakini nilifundisha nyenzo kila mwaka. Nilitafuta jiwe, nikaweka mpini wa jembe juu yake, ncha chini ya ubao, nikaulalia mpini kwa tumbo hilihili linaloniua. Ubao ukapanda. Maji yakaingia.

Chumbani taa ikawaka. Niliandika ile amri, nikafinya.

Mistari ilianza kupanda kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kitu kimoja kidogo kimekamilika. Sikuona neno langu hata moja. Hayo yangekuja mwishoni. Nilikuwa na furaha kama mtu anayesikia nyundo za mafundi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Halafu nikaona mawingu. Dirisha la chumba linatazama upande wa Walikale, na upande ule ulikuwa umekuwa mweusi mpaka chini. Nalisema hili waziwazi, kwa kuwa hapa ndipo lilipo kosa langu, kuliko kwenye ubao: niliyaona. Nilijua mvua inanyesha huko juu kwenye kijito. Nikajiambia, ngoja kidogo, kipande hiki kiishe. Kikaisha. Nikajiambia, na hiki.

Turbini ilipoanza kulia nilipanda tena mferejini. Maji yalikuwa yamefika juu ya ukingo, na ubao ulikuwa umebanwa nayo, haushuki. Niliupiga kwa fimbo. Ukingo ukakatika mbele yangu, si kwa kishindo, bali taratibu, kama mkate uliolowa. Nusu ya shamba la Hakorimana iliteremka na maharage yake, yaliyokuwa yamebakiza majuma machache kuvunwa.

Nilirudi, nikang'oa nyaya, nikafunga mlango, nikakausha miguu, nikalala. Mpini nilikuwa nimeurudisha ghalani. Mtu anayejutia kwa kweli hakumbuki kurudisha mpini.

Verdiane alirudi mbio. "Papa! Mufereji imepasuka! Ulisikia kitu?"

"Nilikuwa nimelala," nilisema.

4 Novemba

Ubao umekutwa juu. Kwa hiyo wote wanasema Kanyamibwa hakuushusha Jumamosi. Hakorimana ameenda kusimama mlangoni kwake na matope mpaka magotini, na sauti zimefika mpaka hapa.

"Uliacha maji juu ya kunywesha ng'ombe yako!"

"Haki ya Mungu, nilishushaka ile ubao!"

"Basi ilijipandisha? Ilienda misa nayo?"

6 Novemba

Kanyamibwa ameleta maziwa kama kawaida. Alinimwagia yangu kwanza.

"Papa Prefe, weye unakaa karibu. Haukuona muntu?"

"Hapana."

Nimeyanywa yale maziwa.

8 Novemba

Mvua.

10 Novemba

Mvua.

12 Novemba

Céline amekuja. Amewasha mashine na kuiona imesimama katikati ya ujenzi. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Ningeweza kusema panya, ningeweza kusema sijui.

"Ni mimi," nilisema. Nikamweleza yote.

Hakugeuka. "Nani mwengine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi miye siko padri, Papa. Juu ya nini unaniambia miye?"

Nadhani nilitaka mtu anisamehe ambaye hakupoteza kitu.

"Alhamisi ya juma lijalo kamati inaketi juu ya kesi ya Kanyamibwa," alisema. "Usiposema, nitasema."

Kabla ya kuondoka alinifunika miguu blanketi. Afadhali angenipiga.

15 Novemba

Jana na leo wamefanya salongo, kazi ya pamoja ya watu wa vilima vyote viwili, kurudisha ukingo. Nimewatazama kutoka dirishani. Zamani kazi hii ilikuwa na kelele na utani. Safari hii wakulima walijaza udongo upande mmoja, wafugaji upande mwingine, na hakuna aliyempa mwenzake jembe mkononi.

18 Novemba

Verdiane ameleta habari kutoka sokoni. Wana wa Hakorimana wanasema Kanyamibwa aondoke na ng'ombe wake kabla mwezi haujaisha, akitaka aende Walikale. Walikale ni msitu. Ng'ombe wa huku watakufa kule. Na asipoondoka, wameshaongea na wale wenye bunduki wa mlimani.

Nimewafahamu vijana hao tangu wanaanza shule. Nilikuwa nikimwona Hakorimana mtu mgumu, mpenda kesi. Leo nimemwona akiokota maharage machanga kwenye matope, moja moja, akiyatia kwenye kofia yake. Na Kanyamibwa, niliyemdhania mtu wa mizaha tu, bado anakuja kila asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa sijulikani.

21 Novemba

Wameketi katika nyumba ya jibini. Verdiane na Céline walinishika huku na huku. Nilisimama, nikasema: "Kanyamibwa alishusha ubao. Niliyeupandisha ni mimi, Jumapili, wakati wa misa, kwa ajili ya umeme wa kompyuta. Niliona mvua inakuja na sikushusha."

Mzee mmoja wa kamati akaanza kutikisa kichwa polepole, macho yamejaa machozi.

"Muone muntu wa Mungu. Anakufa, na anataka kubeba zambi ya mwengine juu tupatane."

"Ni kweli ninayosema," nilisema.

"Papa, hata kijiko binti yako njo anakuinulia," alisema Hakorimana, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini. "Utapandisha ile ubao na nini? Na rozari? Tunakuheshimu sana. Lakini usituchezee."

Wakanipigia makofi. Céline alipaza sauti kwamba ni kweli, kwamba aliiona mashine. Mtu akamwambia mwanafunzi mwema humtetea mwalimu wake. Kesi ikabaki palepale. Nimebebwa nyumbani nikibarikiwa na kila niliyempita.

Nimekuwa mtu mzuri mbele za watu kwa muda mrefu mno, na sasa sina njia ya kutoka humo.

22 Novemba

Asubuhi Kanyamibwa amekuja bila maziwa. Aliketi kwenye kiti cha miguu mitatu karibu na kitanda.

"Nimekuya kukushukuru. Hata kama haikusaidia. Hakuna muntu alinifanyiaka ivi."

"Kanyamibwa, niangalie. Sikukusaidia. Nilikufunga kamba shingoni, kisha nikanywa maziwa yako."

Aliniangalia. Nikamwambia kuhusu jiwe, mpini na jinsi nilivyolala juu yake. Nikamwambia pia kuhusu mawingu. Niliona alipoamini.

"Siku ile nilikuuliza kama uliona muntu."

"Uliniuliza."

"Ukasema hapana."

"Ndiyo."

Alisimama. Mlangoni alisema, bila kuniita Papa wala Prefe: "Kesho utaenda uwaonyeshe. Na mikono yako mwenyewe."

24 Novemba

Naandika kuhusu jana. Mkono ni mzito, nitapumzika katikati.

Walikuja na ngobyi, ile machela ya matete tunayobebea wagonjwa. Kwetu hakuna anayekataa kubeba ngobyi, hata kama aliyelala ndani ni adui yake. Ukikataa, siku yako nawe utafia nyumbani. Kanyamibwa alishika mbele. Hakorimana alikuja kwa sababu alitaka kuona uongo ukiisha, na kwa kuwa nyuma palikosa mtu, akaingiza bega. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya matope.

Mbingu zilikuwa safi. Ubao walikuwa wameushusha. Watu walijipanga kando ya mfereji kama kwenye ubatizo. Niliomba jiwe na mpini wa jembe. Céline alitaka kunisaidia, nikakataa. Nilipiga magoti, nikaweka jiwe, nikaingiza ncha chini ya ubao. Mara ya kwanza mpini uliteleza, na mtu akasema, "Musimutese, mumurudishe." Mara ya pili niliulalia kwa tumbo, maumivu yakanipofusha, na nikasikia maji kabla ya kuyaona.

Nilipofumbua macho, mfereji ulikuwa unajaa na hakuna aliyekuwa akinitazama. Wote walikuwa wakimtazama Kanyamibwa.

Hakorimana alivua kofia, akaivaa tena. "Batoto yangu nilibatuma bakufukuze," alimwambia. "Nilibatuma miye."

Kanyamibwa aliingia majini na viatu, akaushusha ubao mwenyewe.

Kamati iliamua hapohapo, wamesimama. Turbini ni ya maziwa na ya kusaga tu, mpaka Hakorimana apande na kuvuna tena. Kompyuta hakuna. Hakuna aliyenigombeza, walizungumza juu yangu kama juu ya ukingo ulioharibika. Nilimtafuta Céline kwa macho. Alikuwa ameinama akinifuta matope magotini.

"Nimekuharibia kazi," nilisema.

"Msimbo hauoze, Papa. Kila kitu tulichotayarisha iko ndani, na maneno yako pia. Maji itarudi, nitajenga."

"Sitaona."

"Hautaona," alisema. Namshukuru kwa kutonidanganya.

Wakaniweka tena kwenye ngobyi. Mtelemko ule ni mbaya baada ya mvua za juma zima, utelezi mtupu, na katikati Kanyamibwa aliteleza, machela ikainama, nikadhani naangukia kijitoni. Hakorimana akapiga kelele kutoka nyuma:

"Ushike nguvu! Ukimuangusha huyu, maharage yangu nitayadai nani?"

"Uyadai kompyuta!" alijibu Kanyamibwa.

Halafu wakaanza kucheka, yule wa mbele na yule wa nyuma, kicheko kilichowashinda mpaka wakalazimika kusimama, na machela ikatetemeka kwa mabega yao. Nilikuwa nimelala chali katikati yao, nikitazama juu, na sikuweza kugeuza kichwa niwaone.